Kwa nini lori la magunia 125 linalala siku mbili nje ya ghala

Oktoba ikishaingia, toka Mtwara mjini ushike njia ya Masasi. Utayaona: Fuso na semi zimejipanga kando ya barabara, turubai zimekazwa kamba, dereva kalala kwenye mkeka chini ya tela, utingo anachemsha chai juu ya mafiga. Ni msimu wa korosho. Mzigo uko kwenye gari, ghala liko mita mia tatu mbele, na hakuna kinachosogea.

Msimu mmoja nilikuwa karani wa kupokea mzigo katika ghala la namna hiyo. Kila asubuhi watu thelathini waliniuliza swali lile lile: "Karani, leo nashusha?" Nikawajibu nilivyosikia wakubwa wangu wakijibu, kwamba magari ni mengi, tuvumiliane. Miaka ilipita ndipo nikakutana na hesabu za foleni, na ndipo nilipoelewa kwamba siku nyingi za msimu ule magari hayakuzidi uwezo wetu hata kidogo. Tungeweza kuyamaliza yote na jua likiwa bado juu. Yaliyoyalaza ni mambo mengine, na mambo hayo yana hesabu yake.

Kwanza njia ya mzigo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, yaani AMCOS. Chama hupima, hupanga madaraja, hukusanya mpaka gari lijae, kisha hupeleka ghala kuu. Pale gari hupita geti, hupanda mzani likiwa na mzigo, sampuli huchomolewa kwenye magunia ili kupima unyevu na kukata korosho kuona kiini kilivyo, makuli hushusha na kupanga, gari hurudi mzanini likiwa tupu, karani anaandika hati. Mzigo uliokwisha kupokelewa ndio unaoingia kwenye orodha ya mnada. Minada hufanyika chini ya vyama vikuu, yaani miungano ya vyama vya msingi: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa upande wa pwani ya Lindi. Mnunuzi akishalipa analeta magari yake kwenye ghala lile lile, anapakia, anakwenda bandarini.

Shika hilo la mwisho, tutalirudia: mlango mmoja, magari ya kuleta na magari ya kuchukua.

Aliyeanzisha hesabu za foleni hakuwa na habari na malori. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyezaliwa mwaka 1878, alifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Nyaya zilikuwa chache, wapiga simu wengi, na hakuna aliyejua nani atapiga saa ngapi wala atazungumza kwa muda gani. Mwaka 1909 alichapisha makala yake ya kwanza juu ya jambo hilo, na mwaka 1917 akatoa kanuni zilizokuja kutumiwa na makampuni ya simu duniani kote. Toa simu, weka Fuso. Toa waya, weka mlango wa ghala. Swali halibadiliki.

Tuchukue ghala la mfano lenye mlango mmoja. Fuso ya tani 10 inabeba magunia 125 ya kilo 80. Kundi la makuli wanane linaishusha kwa wastani wa dakika 45. Kazi inaanza saa moja asubuhi na kukoma saa moja jioni, saa 12 kamili. Uwezo basi ni magari 16 kwa siku. Mkuu wa ghala akiletewa magari 15 atasema bado ana nafasi, na kwa hesabu ya kutoa na kujumlisha amesema kweli.

Sasa tuseme magari yanafika bila mpangilio wowote, na kushusha nako kunatofautiana: hili dakika 20, lile saa na nusu. Yakifika magari 8 kwa siku, kila moja litasubiri kwa wastani dakika 45 kabla ya gunia lake la kwanza kushuka. Yakifika 12, saa mbili na robo. Yakifika 14, saa tano na robo. Yakifika 15, saa kumi na moja na robo.

Kutoka 14 hadi 15 limeongezeka gari moja tu, na kila dereva, si yule wa gari la 15 peke yake, amesogezewa saa sita zaidi. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Na njia ya kulipata haihitaji chuo. Chukua idadi ya magari yanayokuja, igawe kwa nafasi zilizobaki wazi, zidisha kwa dakika za kushusha gari moja. Magari 14 yameacha nafasi 2: 14 kwa 2 ni 7, mara dakika 45. Magari 15 yameacha nafasi 1: 15 mara dakika 45. Yakifika 16 unagawa kwa sifuri, na foleni haina mwisho. Hizi ni wastani za mwendo mrefu, si ratiba ya Jumanne fulani. Geti hufungwa jioni na waliobaki wanalala. Ila mwelekeo wake ndio huo, na kila aliyekaa kwenye geti la ghala mwezi Novemba ameuona kwa macho.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu muda hauwekwi akiba. Asubuhi makuli wamekaa saa nzima bila gari. Saa ile imekwenda. Huwezi kuitoa stoo saa nane mchana magari matano yakifika kwa mpigo. Lakini magari yale matano hayaendi popote, yanabaki pale pale yakisubiri. Siku ikiwa na nafasi nyingi wazi, ghala linapumua na kuwahi. Siku ikiwa na nafasi moja, kila ajali ndogo ya asubuhi, mzani kukwama, mvua ya nusu saa, gunia kupasuka, inabebwa na kila gari hadi jioni.

Mwaka 1961 Mwingereza John Kingman alionyesha kwamba muda wa kusubiri kwenye foleni iliyokaribia kujaa ni mambo matatu yaliyozidishwa. La kwanza ni huo ujazo tulioukokotoa, yaani magari yanayokuja ukigawa kwa nafasi zilizobaki wazi. La pili ni muda wa kuhudumia gari moja. La tatu, ambalo watu hawalihesabu, ni mtawanyiko: jinsi ufikaji na ushushaji unavyoyumba. Lipe namba. Sifuri ni magari yanayofika kama mshale wa saa, kila baada ya dakika zile zile. Moja ni kubahatisha tupu, kama mfano wetu ulivyokuwa. Zaidi ya moja ni magari yanayofika kwa mafungu: asubuhi hakuna, jioni kumi. Unachukua namba ya ufikaji na namba ya ushushaji, unatafuta wastani wake, unazidisha.

Rudi kwenye magari yetu 14, yaliyosubiri saa tano na robo. Ufikaji ukiwa wa mafungu, tuseme 3, na ushushaji ukabaki 1, wastani ni 2: kusubiri kunakuwa saa kumi na nusu. Ukiutuliza ufikaji ukawa 0.2, na ushushaji nao 0.2, kusubiri kunashuka hadi saa moja na dakika tatu. Makuli ni wale wale, mlango ni ule ule, magari ni 14 yale yale. Hakuna aliyenunua kitu.

Na mafungu yale tunayatengeneza wenyewe. Kila chama cha msingi kinataka mzigo wake uwahi orodha ya mnada ulio karibu, kwa sababu wakulima wanaulizia fedha na bei ya wiki ijayo hakuna aijuaye. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya orodha kufungwa magari yote yanatoka kwa pamoja, ya Kitangari, ya Mahuta, ya Nanyamba, yanakutana getini. Siku zinazofuata mnada geti liko kimya, makuli wanacheza bao. Ukijumlisha wiki nzima ghala lilikuwa na nafasi tele. Ukimuuliza dereva, amelala nje siku mbili. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mikutano ya tathmini ya msimu huwa haipatani.

Dawa yake ni zamu. Chama kikuu kinajua kila AMCOS imekusanya tani ngapi, kwa hiyo kinaweza kuzipangia siku, na ndani ya siku kuzipangia vipindi. Nasema vipindi, si saa na dakika. Gari linaloshuka kutoka uwanda wa Newala na Tandahimba, kwenye barabara ambayo mvua moja ya Desemba huibadilisha, haliwezi kuambiwa lifike saa nne na robo. Liambiwe kati ya saa tatu na saa tano. Siku ya saa 12 ina vipindi sita vya saa mbili mbili. Vipe vinne magari mawili mawili, na viwili magari matatu matatu, jumla 14. Nafasi mbili zilizobaki usizijaze. Hizo ndizo zitakazomeza mvua na mzani uliokwama. Lililochelewa liingizwe kipindi kinachofuata, lisirudishwe mkiani, maana ukilirudisha mkiani kesho yake dereva atafika alfajiri kabla ya zamu yake na wenzake watamfuata.

Ijumaa kazi husimama kwa sala. Hilo halijawahi kuwa tatizo la foleni, kwa sababu linajulikana tangu mwanzo wa wiki na kipindi kile hakipangiwi gari. Kinachoumiza ni kusimama kusikotarajiwa.

Ghala likiwa na milango miwili, kuna kosa moja linalorudiwa sana: kupanga foleni mbili, hawa mlango wa kwanza, hawa wa pili. Mlango mmoja unakwama kwa gari lenye magunia yaliyolowa, mwingine makuli wamemaliza na wameketi, na magari ya foleni ya kwanza yanatazama tu. Fanya foleni moja. Aliye mbele aende mlango utakaokuwa wazi. Kwa ujazo wetu wa magari 14 kwa kila mlango, kusubiri kunashuka kutoka saa tano na robo hadi karibu saa mbili na nusu. Tofauti hiyo yote imeletwa na kamba ya kuzuia na kijana mmoja wa kuelekeza.

Hapo lakini tahadhari. Foleni moja inafaa pale magari yanapofanana. Kenta yenye magunia 37 ikikaa nyuma ya semi tatu zenye magunia mia tatu na ushee kila moja, itasubiri nusu siku kwa kazi ya robo saa. Zikiwa kenta nyingi, ni afadhali mlango mmoja utengwe kwa ajili yao, hata kama hesabu ya foleni moja inaonekana kuvunjwa. Madereva wa semi watanung'unika kwamba waliofika nyuma wametangulia, na manung'uniko yao yana haki. Wa kwanza kufika awe wa kwanza kushusha ndiyo haki tuliyolelewa nayo. Kwa hiyo utaratibu wa kenta utangazwe getini kabla ya msimu, uandikwe ubaoni, usiwe fadhila ya mkuu wa zamu.

Jambo jingine ni kutafuta mahali penyewe palipobana. Ghala likichelewa, wazo la kwanza huwa ni kuongeza makuli. Lakini gari linapita hatua nyingi, na mwendo wa zote ni mwendo wa ile iliyo nzito zaidi. Ikiwa mkaguzi wa ubora ni mmoja, na kuchomoa sampuli, kupima unyevu na kukata korosho kunamchukua dakika 50 kwa gari, ghala zima linapokea magari 14 na kitu kwa siku hata ukiajiri makuli mia. Umesogeza foleni kutoka nje ya geti kuileta ndani ya uwanja. Afadhali sampuli ichukuliwe gari likiwa bado linasubiri, majibu yawe tayari lifikapo mlangoni. Watu wa ubora huhofia kwamba magunia yatabadilishwa baada ya sampuli kuchukuliwa, na hofu yao ni ya haki. Ndiyo maana magari yaliyochukuliwa sampuli yaingizwe uani, turubai zifungwe lakiri. Ua wa magari sita unatosha.

Sasa turudi kwenye mlango mmoja wenye magari ya kuleta na ya kuchukua. Kuna siku makuli wapo, mzani unafanya kazi, mkaguzi amemaliza, na bado hakuna gari linaloshushwa: ghala limejaa. Limejaa kwa sababu mzigo uliouzwa haujaondoka. Haujaondoka kwa sababu magari ya mnunuzi yako kwenye foleni bandarini, au makasha ya kupakilia hayajapatikana, au meli bado iko njiani. Bandari ya Mtwara ina kina kirefu cha asili, ilifunguliwa mwaka 1954 ikiwa ni sehemu ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka, na leo korosho ghafi zinapitia hapo kwenda India na Vietnam. Miaka ya karibuni malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma nayo yanaelekea huko huko. Hivyo gari lililolala Tandahimba linaweza kuwa linasubiri meli iliyo baharini, na hakuna kuli, karani wala mkaguzi anayeweza kulisaidia. Ghala likikaribia kujaa, mlango upewe kwanza wanaochukua, hata kama nje kuna arobaini wanaotaka kushusha. Inauma kuwaambia hivyo watu waliolala garini, ila kila gari linalotoka na mzigo ndilo linalomfungulia njia anayeleta.

Na kuna wiki ambazo zamu peke yake haitoshi. Kilele cha msimu kikileta magari 20 kwa siku kwenye ghala la 16, yanabaki manne kila jioni. Baada ya siku kumi yako 40 nje, yaani siku mbili na nusu za kusubiri. Halafu ukusanyaji unapungua, yanakuja 12 kwa siku, na watu wanashangaa foleni bado ipo. Inapungua manne manne kwa siku. Itachukua siku kumi nyingine kwisha. Tatizo limeshaondoka vijijini, ila getini linaendelea kuishi. Wakati huo kinachosaidia ni uwezo tu: taa zifungwe, kundi la pili liitwe, kazi iende hadi saa nne usiku. Saa 15 za kazi zinaweza kushusha magari 20, japo bila nafasi ya akiba. Na lifanyike siku ya kwanza ya kilele, kabla ya yale arobaini kujikusanya.

Mmarekani John Little, naye mwaka ule ule wa 1961, alithibitisha jambo ambalo kila karani angepaswa kufundishwa siku ya kwanza: wastani wa magari yaliyopo ni sawa na magari yanayopita kwa siku ukizidisha kwa siku ambazo gari linakaa. Halijali yanafikaje wala yanashushwaje. Kwa hiyo ukijua mawili, la tatu unalo. Mbele yako kuna magari 28 na daftari linaonyesha ghala linatoa 14 kwa siku: ni siku mbili. Lile swali la kila asubuhi lilikuwa na jibu, na lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe. Ningeweza kumwambia dereva, kaka, wewe ni keshokutwa asubuhi, acha namba ya simu, nenda kapumzike. Kusubiri siku mbili ukijua ni mbili si sawa na kusubiri siku mbili ukiamka kila alfajiri kukagua kama foleni imesogea.

Daftari lenyewe linahitaji safu nne za muda kwa kila gari: lilipofika, lilipopanda mzani, liliposhushwa gunia la kwanza, lilipotoka. Wiki mbili za kuandika kwa uaminifu zitaonyesha palipobana kuliko kikao cha siku nzima.

Limebaki suala la nani analipa, na kwangu hili ndilo gumu kuliko kanuni zote. Makuli hulipwa kwa gunia. Nafasi mbili ninazosema ziachwe wazi ni saa moja na nusu wasiyopata kitu, na wana watoto. Mwenye ghala anawaona wamekaa, anaingiza gari la 15. Hesabu yake inaonekana safi, kwa sababu gharama ya kusubiri haiko kwenye vitabu vyake. Tuihesabu sisi. Gari la 15 linawaondolea makuli wanane dakika 45 za kukaa bure, yaani saa sita za mtu. Upande wa barabarani, magari 14 yakisubiri saa tano na robo kila moja ni saa 73 na nusu. Magari 15 yakisubiri saa kumi na moja na robo ni karibu saa 169. Ni zaidi ya saa 95 za gari, kila gari na dereva wake na utingo wake, ili kuokoa saa sita za kuli. Nauli ya gari lililolala inapanda, na nauli hiyo hukatwa kwenye bei ya mkulima.

Ndiyo maana naona vyama vya msingi ndivyo vinavyopaswa kuanza, kwa kukubali kuwalipa makuli posho ya nafasi zilizoachwa wazi. Ni fedha ndogo ikigawanywa kwa magunia 1,750 yanayoshuka kila siku. Makubaliano hayo yaandikwe Septemba, pamoja na ratiba ya zamu, kabla gari la kwanza halijapiga honi getini.